Kipimo cha homoni kwenye damu ya mwanariadha wa kike: maswali ninayoulizwa Moshi na Arusha

Ukurasa huu ulianza kama karatasi moja niliyoibandika kwenye mlango wa chumba tunachobadilishia nguo. Mimi ni mtu wa maabara, mkazi wa Moshi, na enzi zangu nilikimbia, ingawa medali zangu zote zinaenea kwenye kikombe cha chai. Kila mwaka mbio za Kilimanjaro zikikaribia, mwishoni mwa Februari, mabinti wananijia na maswali yaleyale, na majibu ya nusu yake wameshapewa kijiweni kabla hawajafika kwangu. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Ninachojibu hapa ni kanuni na sayansi. Kuhusu dawa unayomeza wewe, muulize daktari wako, na umwambie mapema kwamba wewe ni mwanariadha unayepimwa.

Wanapima nini hasa? Mimi nilijua steroidi ni zile sindano za wanyanyua vyuma.

Steroidi ni ukoo mkubwa, na sindano za gym ni watoto watukutu tu wa ukoo huo. Mwili wako unatengeneza steroidi kila siku kutoka kwenye kolesteroli: estrojeni na projesteroni zinazoendesha hedhi, kotisoli inayokuamsha asubuhi, na testosteroni, ambayo watu huiita ya wanaume ilhali kila mwanamke anayo. Kinachopimwa kwenye damu kwa ajili ya udhibiti wa dawa michezoni ni viwili: testosteroni yenyewe na mzazi wake, androstenedioni. Halafu kinakokotolewa kitu cha tatu, uwiano wa ya kwanza kwa ya pili. Kipimo hiki WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ilikiingiza mwaka 2023 kwenye ile inayoitwa pasipoti ya kibayolojia ya mwanamichezo.

Pasipoti? Kama ya kusafiria?

Hapana, haina picha wala mhuri. Ni faili la majibu yako ya vipimo, yakifuatana mwaka hadi mwaka. Upande wa chembe za damu ulianza mwaka 2009, upande wa steroidi kwenye mkojo ukaja 2014, na steroidi kwenye damu 2023.

Jambo la kushika ni kwamba hulinganishwi na jirani yako. Mara ya kwanza wanakuweka kwenye mipaka mipana ya wanawake wote, kwa sababu hawakujui. Kila sampuli inayoongezeka inabana ile mipaka, mpaka inabaki mipaka yako wewe. Ni kama mama muuza mboga wa sokoni Mbuyuni anayejua mizani yake: akiletewa fungu lenye uzito wa ajabu anashtuka, hata kama kwa mizani ya mwingine lingeonekana la kawaida.

Mkojo umekosa nini mpaka waje na sindano?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapokipendea kipimo hiki.

Kipimo cha mkojo cha tangu miaka ya 1980 kinalinganisha testosteroni na ndugu yake asiye na kazi, epitestosteroni. Mtu akijidunga testosteroni, ya kwanza inapanda, ya pili inabaki ilipo au inashuka, na uwiano unaruka. Ukizidi 4 kwa 1, sampuli inatiliwa shaka. Zamani mpaka ulikuwa 6, ukashushwa mwaka 2005. Kwa wanaume kinafanya kazi vizuri kiasi.

Kwa mwanamke, kwanza testosteroni kwenye mkojo wake ni kidogo mno, mara nyingi iko karibu na ukomo wa kile mashine inachoweza kuona. Ukigawanya namba ndogo isiyo na uhakika kwa namba nyingine ndogo isiyo na uhakika, jibu linayumba. Pili, epitestosteroni ya mwanamke inapanda na kushuka na mzunguko wa hedhi, na vidonge vya majira vinaishusha. Kwa hiyo binti asiye na kosa, aliyeanza tu uzazi wa mpango, anaweza kuonekana uwiano wake umepanda, kumbe testosteroni haijasogea hata kidogo. Kilichoshuka ni namba ya chini ya mstari, ile epitestosteroni. Tatu, kuna watu waliozaliwa bila jeni (chembe ya urithi) inayosaidia kuitoa testosteroni kwenye mkojo. Asia Mashariki ni wengi sana, lakini wapo kila mahali. Mtu wa namna hiyo anaweza kutumia dawa na mkojo wake ukanyamaza.

Kwa maneno mengine, kipimo kilishonwa kwa mwili wa mwanamume, mwanamke akaambiwa avae vivyo hivyo. Damu inapunguza matatizo hayo. Haijali jeni ya mkojo, na haijali umekunywa maji lita ngapi kabla ya kupimwa.

Huo uwiano wa kwenye damu unamkamata vipi mtu?

Kwa mwanamke, karibu robo ya testosteroni inatoka kwenye ovari, robo nyingine kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na nusu inayobaki inatengenezwa nje ya hapo, kwenye ngozi, mafuta na viungo vingine, malighafi ikiwa hiyo androstenedioni. Mtoto na mzazi wanatembea pamoja. Mwili ukiamua wenyewe kuongeza testosteroni, kwa kawaida utakuta na androstenedioni imesogea.

Mtu akijipaka jeli ya testosteroni, mtoto anaingia ndani kupitia dirishani. Mzazi hana habari. Chukua namba za kufundishia: testosteroni 0.9, androstenedioni 3.0, uwiano 0.3. Baada ya jeli, testosteroni 4.0, androstenedioni 2.8, na uwiano umevuka 1.4. Kwenye pasipoti ya mtu ambaye miaka mitatu amekuwa kati ya 0.25 na 0.35, hilo linaonekana hata bila miwani.

Kiasi cha kawaida cha testosteroni kwa mwanamke ni kipi?

Wanawake wengi wenye afya wako chini ya nanomoli 2 kwa lita, wanaume wengi kati ya 8 na 29 hivi. Usiichukue namba hii ukaanza kujihukumu. Kwenye pasipoti namba moja pekee haina maana kubwa.

Dozi ndogo ya mwanamke inaweza kweli kusaidia mbio, au ni hofu za watu?

Inasaidia. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapa wanawake 48 wenye afya ama krimu ya testosteroni miligramu 10 kwa siku, ama krimu tupu, kwa wiki 10. Waliopewa testosteroni, kiwango chao kwenye damu kilipanda kutoka nanomoli 0.9 hadi 4.3 kwa lita, na muda waliokimbia kabla ya kuchoka kabisa uliongezeka kwa asilimia 8.5 kuwapita waliopakwa krimu tupu. Kwa anayekimbia mita 5,000 hiyo si tofauti ya kufumbia macho. Kumbuka 4.3 bado iko chini ya kiwango cha wanaume. Anayedhani kwamba akichukua kidogo hataonekana, ni huyohuyo kipimo kilitengenezewa.

Naweza kwenda hospitali hapa mjini nikapima testosteroni yangu nijue mapema?

Unaweza kupima, lakini usilinganishe. Hospitali nyingi hutumia mashine zinazotegemea kingamwili kuinasa homoni. Ni za haraka, zina bei nafuu, na kwa mwanamume zinatosha. Kwa viwango vidogo vya mwanamke kingamwili inakosea: inashika na homoni nyingine zinazofanana na testosteroni, na jibu linatoka juu kuliko ukweli. Nimemwona binti analia kwa jibu la namna hiyo, amekwisha kuambiwa ana homoni za kiume, na sampuli iliporudiwa kwa mashine bora akakutwa wa kawaida kabisa.

Maabara za udhibiti hutumia kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometria ya masi. Kwa lugha ya jikoni: kwanza unachuja mchanganyiko ili kila kitu kitoke kwa zamu yake, halafu unakipima uzito kila kinachotoka, unakivunja, unavipima na vipande. Kitu kinaweza kufanana na testosteroni kwa sura, lakini kifike zamu ileile, kiwe na uzito uleule, na kivunjike vipande vilevile? Hapo hakuna kubahatisha.

Nikiwa kwenye siku zangu, majibu yataharibika?

Hapana. Testosteroni inapanda kidogo katikati ya mzunguko, karibu na siku za yai kutoka, na asubuhi huwa juu kuliko jioni. Uwiano wake na androstenedioni unatulia zaidi ya kimoja kimoja.

Kinachonihangaisha mimi ni kingine. Wapo mabinti ambao hawajaona siku zao miezi mitano na wanajisifu kwamba ndiyo mazoezi yamekolea. Hapana mdogo wangu, hiyo maana yake unakimbia kilomita nyingi kuliko chakula unachokula. Estrojeni imeshuka na mifupa inalipa gharama. Halihusiani na dopingi, ila nisingeweza kuliruka.

Natumia uzazi wa mpango. Nifiche?

Usifiche. Hakuna njia ya uzazi wa mpango inayotumika kawaida iliyopigwa marufuku: vidonge vya majira, sindano, kijiti, kitanzi, wala P2 za dharura. Kwenye fomu ya udhibiti unaandika dawa ulizotumia siku 7 zilizopita, na uandike hizo pia, hata kama aliyekaa pembeni ni kocha wako au shangazi yako. Ukiona aibu, mwombe ofisa mkae faragha. Una haki hiyo.

Sababu ya kuandika si adabu tu. Vidonge vyenye estrojeni vinaongeza protini inayobeba testosteroni kwenye damu na vinatuliza ovari, hivyo testosteroni na androstenedioni zote huelekea kushuka. Kwa kuwa zinashuka pamoja, uwiano hautikisiki sana, tofauti na ule wa mkojo niliousema juu. Lakini mtaalamu anayesoma pasipoti yako akiona mstari umeshuka ghafla mwezi wa nne, anataka kujua nini kilitokea mwezi wa nne. Ukiwa umeandika, anasonga mbele.

Nyingine ni noretisterone, iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya majira, kwenye sindano fulani, na kwenye dawa ambayo wanawake hupewa kuahirisha hedhi au kusimamisha damu nyingi. Si marufuku. Ila sehemu ndogo yake ikivunjwa mwilini inatoa kwenye mkojo kitu kilekile kinachotolewa na nandroloni, steroidi ya kujenga misuli ambayo ni marufuku kabisa. Maabara zinajua na zina namna ya kutenganisha. Wepesi wa kutenganisha unaongezeka sana kama jina la dawa liko kwenye fomu.

Nina vifuko kwenye ovari, daktari alisema homoni zimevurugika. Nitaonekana nimetumia dawa?

Wanawake wenye hali hiyo mara nyingi wana testosteroni na androstenedioni za juu kuliko wenzao. Za juu zote mbili, na za juu siku zote. Pasipoti inajifunza kwamba wewe ndivyo ulivyo. Hali ya kuzaliwa nayo au ugonjwa si kosa la dopingi.

Hatari yako haiko kwenye homoni zako, iko kwenye duka la dawa. Nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mabinti waadilifu wanapoangukia. Spironolaktoni, ambayo hupewa wanawake wenye ndevu au chunusi zisizoisha, imo kwenye orodha ya marufuku kama dawa ya kuongeza mkojo. Klomifeni na letrozoli, ambazo mtaani zinaitwa tu dawa za kushika mimba, ni marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Metformini, ambayo nayo hupewa watu haohao, inaruhusiwa. Kwa hiyo wanawake wawili wenye ugonjwa mmoja, kutoka kliniki moja, wanaweza kutoka mmoja akiwa salama na mwingine akiwa mashakani.

Haimaanishi usitafute mtoto. Kuna utaratibu wa kuomba ruhusa ya kutumia dawa kwa tiba. Daktari anaandika ugonjwa, vipimo vilivyothibitisha, na kwa nini dawa hiyo na si nyingine. Unaomba kabla ya kumeza, isipokuwa dharura. Anayesema tutashughulikia ukikamatwa, mwambie akukopeshe na miaka minne ya ujana wake.

Mkorogo je? Nasikia una steroidi.

Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli au ndugu zake. Ni steroidi kweli, lakini za tawi la kotisoli, si la testosteroni. Kupaka kwenye ngozi hakukatazwi na kanuni za michezo. Kinachokatazwa wakati wa mashindano ni kuzimeza au kudungwa, na tangu Januari 2022 sindano ya aina yoyote imeingia humo, hata ile ya gotini. Mkorogo hautakufungia mashindano. Utakuharibia ngozi, na hilo utajibizana na kioo.

Mimi ni mtu wa kitimoto. Nitakamatwa?

Kila mwaka linaulizwa, na kila mwaka watu wanacheka, mimi sicheki. Nguruwe dume asiyehasiwa ana nandroloni ya asili, hasa kwenye maini, figo na korodani. Mtu akila hizo, mkojo wake unaweza kuonyesha alama kidogo kwa muda mfupi. Nyama ya kawaida ya kukaanga haina tabu hiyo. Ushauri wangu: karibu na mashindano, achana na viungo vya ndani vya nguruwe usiyemjua alilelewaje.

Lakini usiifanye ndiyo kinga. Mwaka 2021 mkimbiaji wa Marekani Shelby Houlihan alieleza kwamba nandroloni yake ilitokana na chakula chenye nyama ya nguruwe. Mahakama ya usuluhishi wa michezo haikukubali, akafungiwa miaka minne.

Kuna mtu alisema wanajua kama umekula ugali au ndizi. Ni kweli?

Karibu kweli, na ni sehemu tamu kuliko zote za kazi hii.

Kaboni ina aina mbili tulivu, nyepesi na nzito. Mahindi, mtama, ulezi na miwa hushika kaboni kwa njia moja na kubeba ile nzito zaidi. Ndizi, mchele, maharage, viazi na soya hutumia njia nyingine, nao hubeba ile nzito kwa uchache kuliko hao. Nyasi za mbugani ni za kundi la mahindi, kwa hiyo hata maziwa na nyama ya ng'ombe wa Kimasai hubeba muhuri huo. Mwili unajenga homoni kwa kile unachokula. Binti wa Monduli aliyekulia loshoro na binti wa Machame aliyekulia mtori hawana kaboni sawa kwenye testosteroni zao.

Testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kutoka mimea kama soya, kwa hiyo huwa na kaboni nyepesi. Maabara inachukua testosteroni iliyoko kwenye mkojo wako na kuilinganisha na homoni nyingine yako mwenyewe ambayo dawa haiigusi. Zote zimejengwa na chakula kilekile, basi zifanane. Zikitofautiana kupita mpaka uliowekwa, moja haikutoka jikoni kwako. Binti wa Machame hana haja ya kuogopa: tofauti kati ya ndizi zake na soya ya kiwandani ni nyembamba kuliko ya mla ugali, lakini analinganishwa na yeye mwenyewe, si na mla ugali.

Kipimo hiki hufanywa kwenye mkojo, ndiyo maana damu haikuufukuza mkojo kazini. Damu inanusa, kisha mkojo unaitwa kuthibitisha. Damu nayo ina ushahidi wake wa moja kwa moja: testosteroni nyingi za sindano huunganishwa na mkia wa kemikali ili zikae mwilini kwa muda mrefu, na mwili wa binadamu hautengenezi mkia huo. Ukionekana kwenye damu, hakuna maelezo ya ugali wala ndizi. Tangu 2021 hata matone yaliyokaushwa kwenye kikaratasi yanakubalika kwa baadhi ya vipimo.

Mbege?

Pombe inapandisha ule uwiano wa mkojo, na kwa wanawake zaidi. Maabara hutafuta alama za pombe kwenye sampuli hiyohiyo na kulizingatia. Kwa hiyo kata moja ya mbege kwenye harusi ya kaka yako haikufungii. Kuamka nayo siku ya mashindano ni suala la kocha.

Kwa nini wananikalisha dakika kumi kabla ya kuchoma? Nina haraka ya daladala.

Kwa sababu ukisimama, maji ya damu yanatoka kwenye mishipa na kushuka kwenye nyama za miguu, na kila kilichobaki kinaonekana kizito. Ukikaa miguu ikiwa chini, damu inarudi kwenye hali yake. Ndiyo maana pia hawakuchomi mara tu ukimaliza kukimbia. Wanachochukua ni kidogo, chupa isiyozidi kijiko cha chai au zaidi kidogo kulingana na vipimo. Mchomaji lazima awe amefunzwa, na hawaruhusiwi kujaribu zaidi ya mara tatu. Akifika ya tatu akakosa, kazi imeishia hapo.

Damu yangu inapelekwa wapi?

Nje. Tanzania haina maabara yenye ithibati ya WADA. Kwa bara letu iliyozoeleka ni ya Bloemfontein, Afrika Kusini. Nairobi kuna maabara iliyopewa idhini mwaka 2018, lakini kwa upande wa chembe za damu. Damu ya homoni inaachwa kwanza igande, kisha inasafiri kwenye ubaridi bila kugandishwa kuwa barafu, pamoja na kifaa kinachoandika joto njia nzima. Kwenye chupa hakuna jina lako, kuna namba. Sampuli zinaweza kutunzwa hadi miaka 10 na kupimwa upya, jambo ambalo huwakosesha usingizi watu fulani.

Pasipoti ikionyesha kitu cha ajabu, nimekwisha?

Hapana. Kompyuta ikiona namba imetoka nje ya mipaka yako, kilichotokea ni kengele tu. Mtaalamu anaangalia bila kujua jina. Sampuli ya mkojo inaweza kupelekwa kwenye kile kipimo cha kaboni, unaweza kupimwa tena ghafla, na kesi ya kutegemea pasipoti peke yake haifunguliwi mpaka wataalamu watatu wakubaliane wote kwamba inaelekea ni dawa, nawe uwe umepewa nafasi ya kujieleza. Ujauzito, ugonjwa na dawa halali, vyote vina nafasi mezani. Hapo ndipo ile fomu uliyoiandika kwa kusitasita inapokufaa.

Hiki ndicho kipimo alichofanyiwa Semenya?

Hapana, na kuchanganya mambo haya mawili kumewaumiza watu. Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini, hakushutumiwa kutumia dawa. Suala lake lilikuwa kanuni za nani anaruhusiwa kukimbia upande wa wanawake. Shirikisho la riadha la dunia liliweka kikomo cha testosteroni ya asili kuwa nanomoli 5 kwa lita, kisha Machi 2023 likashusha hadi 2.5. Tangu Septemba 1, 2025 limeongeza kipimo cha jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y ya kiume, kinachofanywa mara moja kwa usufi wa shavuni au kwa damu. Julai 10, 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Semenya hakusikilizwa kwa haki huko Uswisi. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya kanuni hizo, mimi ninayo. Lakini anayekuchoma sindano ya pasipoti anauliza kama kuna kitu kimeingizwa mwilini mwako kutoka nje, basi.

Mume wangu anatumia jeli ya testosteroni aliyoandikiwa na daktari. Ina shida?

Inaweza. Jeli inahama kwa mguso wa ngozi na shuka. Apake sehemu inayofunikwa na nguo, anawe mikono, aiache ikauke, na msigusane ngozi pale alipopaka kabla hajapaosha. Kanuni zinakuhesabia wewe kilichomo mwilini mwako, kimefikaje ni maelezo ya baadaye.

Mwanangu ana miaka 16. Watamchoma bila mimi?

Mtoto ana haki ya kuwa na mtu mzima wake muda wote, na wewe mama ndiye wa kwanza. Kwenye mkojo, anayeshuhudia lazima awe mwanamke.

Nikikataa tu?

Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa linaloweza kukugharimu miaka minne, sawa na aliyekutwa na dawa. Kama unaogopa sindano, sema unaogopa. Utaongeleshwa, utachomwa ukiangalia ukuta. Kama uko kwenye orodha ya wanaotakiwa kutaja walipo, kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 nako ni kosa, kwa hiyo ukitoka Arusha kwenda kwenu Mbulu kumsalimia bibi, badilisha anwani kabla basi halijaondoka stendi.

Nikishatolewa damu asubuhi, jioni naweza kukimbia?

Unaweza. Bana pamba dakika chache, usibebe ndoo kwa mkono huo asubuhi hiyo, kunywa uji.